Asilimia 15 au Asilimia 7? Jinsi Kenya Ilivyojifunza Kuhesabu Ugonjwa

Muda: dakika 20
Walengwa: watu wote, hasa vikundi vya wasikilizaji, wazee wa vijiji na wahudumu wa afya wa jamii

Kipindi kilichopita tuliongea kuhusu dawa na namna ya kuzimeza bila kukosa. Leo tutaongea kuhusu jambo ambalo halimezwi wala halidungwi, lakini linaweza kuokoa maisha au kuyapoteza. Jambo hilo ni takwimu.

Kila ugonjwa mkubwa unapoingia nchini, nambari huja nao. Redio zinasema hivi, magazeti yanasema vile, mhubiri sokoni ana nambari yake na jirani ana ya kwake. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo ina mahali pake, lakini katika mambo ya magonjwa imewapoteza wengi. Si kila lisemwalo lipo. Basi mwananchi wa kawaida afanyeje ili ajue aamini nambari ipi?

Ili tupate jibu, turudi nyuma katika historia ya nchi yetu wenyewe, tuangalie jinsi nambari ya UKIMWI ilivyoanguka ghafla, na watu wakadhani wamedanganywa.

MIAKA YA HOFU

UKIMWI ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka wa 1984. Kwa miaka mingi baadaye, watu waliuita majina ya kuficha. Mtu akifa, matangani husikii neno lenyewe. Utasikia alikuwa na kifua, alikuwa na malaria ya kichwa, au alirogwa. Kifo kikitokea nyumbani, naibu wa chifu aliandika kile alichoambiwa na jamaa ili watu wapate kibali cha mazishi. Kwa hiyo mtu ambaye angetaka kujua UKIMWI umeua wangapi kwa kusoma vitabu vya vifo, angepata malaria na kifua kikuu vimejaa, na UKIMWI wenyewe haupo.

Tukumbuke jambo hilo, maana ndilo somo la kwanza. Kitabu cha serikali chenye muhuri kinaweza kuwa kimeandikwa kwa uaminifu na bado kisiwe na ukweli wote. Karani huandika anachoambiwa. Mahali penye aibu, hesabu hupungua.

Mnamo Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kitaifa la Kudhibiti UKIMWI. Hapo ndipo nambari zilipoanza kutajwa kila mahali, kanisani, msikitini, shuleni na kwenye mikutano ya chifu. Iliyotajwa zaidi ilikuwa hii: Wakenya 700 wanakufa kila siku.

Hebu tuichunguze nambari hiyo kwa hesabu ya darasa la tano. Mara 700 kwa siku 365 ni watu 255,500 kwa mwaka. Shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, UNAIDS, lilikadiria wakati huo kwamba Wakenya waliokufa kwa UKIMWI mwaka wa 2001 walikuwa 190,000. Hao ni kama 520 kwa siku. Hata hiyo 190,000 ilikuja kuonekana baadaye kuwa ya juu mno. Hivyo 700 iliwazidi hata wataalamu waliokuwa wakikadiria kwa wingi. Walioitaja walitaka watu washtuke na wajilinde, na nia yao ilikuwa njema. Lakini nia njema haigeuzi nambari mbaya ikawa nzuri.

ASILIMIA 15 ILITOKA WAPI?

Katika ripoti yake ya mwaka wa 2002, UNAIDS ilisema kwamba kufikia mwisho wa 2001, Wakenya milioni 2.5 walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Kati ya watu wazima wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walioambukizwa walikuwa asilimia 15. Watu wakafanya ufupisho wao: "Mkenya mmoja kati ya kila saba ana virusi." Wengi walisahau kwamba asilimia hiyo ilihusu watu wazima wa umri huo peke yao. Watoto na wazee hawakuwemo.

Sasa swali, nani alipimwa? Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba. Tangu mwaka wa 1990, Wizara ya Afya ilikuwa imechagua kliniki chache za akina mama wajawazito, katika miji kama Kisumu, Busia, Nakuru, Thika na Mombasa. Mama alipokuja kliniki mara ya kwanza, alitolewa damu ili apimwe kaswende, kama ilivyo kawaida. Damu iliyobaki ilipimwa virusi vya UKIMWI bila jina, hata mpimaji asijue ni ya nani. Kutokana na akina mama hao, wataalamu wakakadiria hali ya nchi nzima, wanaume kwa wanawake, mjini na mashambani.

Msikilizaji, usiwacheke. Wakati huo hapakuwa na njia nyingine rahisi. Mama mjamzito huja kliniki mwenyewe, damu yake hutolewa hata hivyo, na gharama ni ndogo. Na njia hiyo ilikuwa na faida moja kubwa. Ukipima kliniki ile ile, mwaka baada ya mwaka, kwa njia ile ile, utajua kama ugonjwa unapanda au unashuka mahali pale. Ilikuwa kama kijiti cha kupimia kina cha mto. Kijiti kimoja hakikuambii mto mzima una maji kiasi gani, lakini kitakuambia kama maji yanajaa.

Kosa lilikuja pale kijiti kilipotumiwa kupima mto mzima.

Fikiria mtu anayetaka kujua ni Wakenya wangapi wanaokula samaki kila wiki, kisha akaenda kuwauliza watu wa ufuoni Dunga, kule Kisumu. Atapata karibu kila mtu anakula samaki. Hakudanganywa na yeyote. Aliuliza mahali pamoja tu, akasahau Wajir na Marsabit.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kliniki. Kwanza, nyingi zilikuwa mijini na kando ya barabara kuu, mahali ambapo maambukizi yalikuwa mengi kuliko vijijini ndani. Pili, mwanamke mjamzito ni mtu aliyefanya ngono bila kinga. Wasichana ambao hawajaanza ngono, na wanaotumia kondomu, hawamo katika foleni ile. Tatu, hapakuwa na mwanamume hata mmoja aliyepimwa. Yalikuwako pia mambo ya kupunguza hesabu, kwa sababu virusi hupunguza uwezo wa mwanamke kushika mimba, na hivyo baadhi ya walioambukizwa hawakufika kliniki. Lakini ukijumlisha yote, uzito ulielemea upande wa kuzidisha.

MWAKA WA 2003: WATAFITI WAINGIA NYUMBANI

Kati ya Aprili na Septemba 2003, ulifanywa Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya nchini Kenya. Safari hii kulikuwa na jambo jipya. Maeneo 400 yalichaguliwa kwa kura nchi nzima, mjini na mashambani, na kwa mara ya kwanza utafiti wa aina hiyo ukafika pia katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Katika nusu ya nyumba zilizochaguliwa, wanawake na wanaume waliombwa kwa hiari yao watoe matone ya damu kutoka kidoleni. Matone yaliwekwa kwenye karatasi maalumu, yakakauka, yakapelekwa maabara Nairobi bila majina. Aliyetaka kujua hali yake alielekezwa kwenye kituo cha VCT.

Kina mama wanaopika wanaielewa njia hii kuliko profesa yeyote. Ukitaka kujua kama mchuzi una chumvi, huhitaji kuunywa wote. Kijiko kimoja chatosha, bora sufuria iwe imekorogwa vizuri. Kura ile ya maeneo 400 ndiyo iliyokuwa mwiko wa kukorogea. Hesabu za kliniki zilichota mahali pamoja pa sufuria, pale chumvi ilipokuwa imekaa.

Matokeo yalipotoka, watu walishika midomo. Katika watu wazima wa miaka 15 hadi 49, walioambukizwa walikuwa asilimia 6.7. UNAIDS ilipotoa ripoti yake ya mwaka wa 2004, nayo ikaandika 6.7, na idadi ya wanaoishi na virusi ikawa milioni 1.2 badala ya milioni 2.5.

Hapo palikuwa na upungufu wa watu milioni 1.3. Walikwenda wapi? Ni kweli kwamba wengi walikuwa wamekufa miaka ile, na maambukizi mapya yalikuwa yamepungua tangu miaka ya tisini. Lakini sehemu kubwa ya hao milioni 1.3 hawakufa wala hawakupona. Hawakuwahi kuwepo. Walikuwa kwenye karatasi tu.

"WALITUDANGANYA!"

Tunafika sasa kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Nambari iliposhuka, watu waligawanyika. Wako waliosema, "Mnaona? UKIMWI ulikuwa biashara ya mashirika. Walitia chumvi ili wapate pesa." Wako waliosema, "Sasa umekwisha, tuendelee na maisha." Na wako walioogopa kwamba wafadhili wangefunga mifuko.

Wote watatu walikosea kwa sababu moja. Walidhani chanzo cha kuaminika ni kile ambacho nambari yake haibadiliki. Ukweli ni kinyume chake. Aliyebadilisha nambari alikuwa amepata njia bora ya kupima, akaeleza wazi njia hiyo, akakubali kwamba kadirio lake la kwanza lilikuwa na kasoro. Katika ripoti ile ya 2004, UNAIDS haikuandika 6.7 peke yake. Iliandika pia kwamba huenda ukweli uko popote kati ya 4.7 na 9.6. Mtu akikwambia "ni karibu saba, pengine tano, pengine tisa," unaweza kumwona hana hakika. Lakini huyo amekuonyesha mipaka ya ujuzi wake. Anayesema "ni 700 kamili kila siku" na hana la kueleza, huyo ndiye wa kutiliwa shaka.

Na utafiti wa 2003 wenyewe haukuwa mkamilifu. Karibu robo ya wanawake na zaidi ya robo ya wanaume waliochaguliwa hawakupimwa, wengine kwa kukataa, wengine kwa kutopatikana nyumbani. Wafungwa gerezani, askari kambini na watu wa kulala barabarani hawakuhesabiwa, kwa sababu utafiti ulihusu nyumba za watu. Tunajuaje haya? Kwa sababu watafiti wenyewe waliyaandika katika ripoti. Mchuuzi mwaminifu wa nyanya huonyesha na zile zilizopondeka.

Zaidi ya hayo, utafiti ulifunua jambo ambalo kliniki zisingeweza kulifunua kamwe. Wanawake walioambukizwa walikuwa asilimia 8.7, wanaume asilimia 4.6. Katika vijana wa miaka 20 hadi 24, wasichana walizidi wavulana zaidi ya mara tatu. Mkoa wa Nyanza ulikuwa na asilimia 15, Kaskazini Mashariki chini ya asilimia 1. Kwa hiyo yule aliyesema UKIMWI umekwisha, kama alikuwa Siaya au Homa Bay, alikuwa akijidanganya karibu na shimo. Wastani wa nchi ni kama wastani wa kina cha mto. Mtu mfupi anaweza kuzama katika mto ambao wastani wake ni magotini.

Nambari sahihi huwa na kazi. Ukidhani wagonjwa ni wengi kuliko walivyo, utanunua dawa ziharibike ghalani, na mtoto wa nyumonia akose. Ukidhani ni wachache, mama atafika zahanati aambiwe arudi wiki ijayo. Na ukijua kwamba wasichana ndio wanaoumia zaidi, utajua pa kuelekeza nguvu.

KUPANDA SI KUSHINDWA DAIMA

Mwaka wa 2007 ulifanywa utafiti mwingine wa nyumba kwa nyumba, uliohusu UKIMWI hasa. Kwa umri ule ule wa miaka 15 hadi 49, kiwango kilikuwa asilimia 7.4. Wengine wakalia kwamba ugonjwa umerudi. Lakini tofauti kati ya 6.7 na 7.4 ni ndogo, inaweza kuletwa na bahati ya kura tu. Na kuna jambo la pili. Katika miaka hiyo dawa za kurefusha maisha zilikuwa zimeanza kuwafikia wengi. Mtu ambaye angekufa mwaka wa 2004 alikuwa hai mwaka wa 2007, na akahesabiwa. Nambari inaweza kupanda kwa sababu watu wanaishi.

Utafiti huo wa 2007 ulionyesha pia jambo la kushtua. Kati ya kila watu watano wenye virusi, wanne hawakujua kwamba wanavyo. Fikiria basi kama tungetegemea vitabu vya hospitali peke yake. Tungemwona mgonjwa mmoja na kuwakosa wanne. Tafiti zilizofuata za aina hiyo zilipata asilimia 5.6 mwaka wa 2012 na 4.9 mwaka wa 2018, kwa watu wa miaka 15 hadi 64. Hapo tunaweza kusema kwa ujasiri kwamba ugonjwa umeshuka, maana njia za kupima zinafanana na umri ni mmoja.

Wala hatukuwa peke yetu. India ilipopima nyumba kwa nyumba, makadirio yake yalishuka mwaka wa 2007 kutoka watu milioni 5.7 hadi karibu milioni 2.5. Mwaka huo huo UNAIDS ikateremsha hesabu ya dunia nzima kutoka milioni 39.5 hadi milioni 33.2.

KORONA: KOSA LA UPANDE WA PILI

Msikilizaji anaweza kusema, basi wataalamu huzidisha siku zote. Hapana. Korona ilipoingia Kenya mnamo Machi 2020, kosa lilielemea upande wa pili.

Kila jioni tulisikia idadi ya waliothibitishwa. Kufikia katikati ya Juni 2020 walikuwa hawajatimia 5,000. Lakini waliothibitishwa ni wale waliopimwa wakapatikana nayo, na vipimo vilikuwa haba. Wakati huo huo, watafiti walichunguza damu ya wachangiaji 3,098 iliyotolewa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni, wakitafuta alama ambayo mwili huiacha baada ya kupambana na virusi. Wakarekebisha hesabu kulingana na umri na maeneo, kwa kuwa wachangiaji damu si mfano kamili wa Wakenya wote. Wakapata asilimia 4.3 kwa nchi nzima, na Mombasa asilimia 8. Ukipiga hesabu, hao ni mamia ya maelfu ya watu, wakati taarifa za jioni zilitaja maelfu machache.

Je, taarifa za jioni zilikuwa uongo? La. Zilijibu swali dogo: leo tumewapata wangapi? Sisi tukazichukua kana kwamba zimejibu swali kubwa: wako wangapi? Duniani kote mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika 2020 na 2021 vifo vilizidi kawaida kwa milioni 14.9, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya korona vilikuwa milioni 5.4.

MASWALI MATANO YA KUBEBA MFUKONI

Wahenga walisema pia, kuuliza si ujinga. Ukisikia nambari ya ugonjwa, uliza hivi:

Moja, nani amehesabu? Kama anayekupa nambari hawezi kutaja ilikotoka, iache hapo hapo, usiipeleke kwa jirani.

Mbili, nani wamehesabiwa, na nani wameachwa? Ni wajawazito? Ni waliofika hospitali? Ni watu wa umri gani?

Tatu, ni hesabu au ni makadirio? Yote mawili yana kazi, lakini hayafanani. Kadirio zuri huja na kiwango cha chini na cha juu.

Nne, ni ya lini, na inalinganishwa na nini? Usilinganishe kliniki za mwaka huu na nyumba za mwaka jana.

Tano, mwenye nambari amewahi kujirekebisha? Anayekubali kusahihishwa mbele ya watu anastahili kusikilizwa tena kesho. Asiyewahi kukosea hata siku moja, mwogope.

Maswali haya hayahitaji digrii. Yanaweza kuulizwa na mama mboga, na mwalimu, na naibu wa chifu barazani. Na ugonjwa mwingine ukija, maana utakuja, nambari zitakuja nao. Tusizikimbilie wala tusizikimbie. Tuziulize.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, kifo kinachotokea nyumbani huandikwa na nani, na sababu yake hutolewa na nani? Ni magonjwa gani ambayo watu bado wanayaficha?

2. Taja nambari moja ya ugonjwa mliyoisikia hivi karibuni. Ipitisheni katika maswali matano. Limebaki swali gani bila jibu?

3. Kwa nini nambari ya watu wenye virusi vya UKIMWI inaweza kupanda ingawa maambukizi mapya yanapungua?

4. Mhudumu wa afya akipita nyumbani kwenu kuomba kuwapima kwa ajili ya utafiti, ni mambo gani mngetaka awaeleze kabla hamjakubali au kukataa?